Kwenda Ujerumani muhula mmoja kwa kubadilishana wanafunzi: hela, makaratasi na mpangilio wote

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakishatoka tu, simu yangu inaanza. Maswali ni yaleyale: niwe na shilingi ngapi, ubalozini wanataka nini, chumba napataje, koti ninunue wapi. Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane, kwa hiyo naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Naongea na wewe uliye chuo Tanzania (Mkenya pia, mengi yanafanana, badilisha tu ubalozi na sarafu), umeshateuliwa na chuo chako kwa Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi) au kwa makubaliano ya chuo kwa chuo, na unaenda miezi minne mpaka sita. Anayeenda kusoma digrii nzima hii siyo yake, hesabu zake ni nyingine kabisa.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni kwamba hela inatosha, tatizo inachelewa. Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka huku inatoa euro 800 mpaka 900 kwa mwezi kutegemea nchi unayoenda, na kwenye utaratibu ulioanza 2024 kuna hela ya safari, ambapo umbali wa kilomita 4,000 mpaka 7,999 (Dar mpaka Ujerumani unaangukia humo) ni euro 1,188. Ada ya kule hulipi, unaendelea kulipa ya nyumbani. Kwenye karatasi umeshakuwa tajiri. Sasa shughuli ni kwamba mara nyingi mkupuo wa kwanza unaingia ukishafika, ukasajiliwa, ukafungua akaunti, wakati tiketi, bima, depoziti ya chumba na mchango wa muhula (siyo ada, ni malipo ya kusajiliwa chuo cha kule) vyote vinadai hela kabla ya hapo. Mimi yangu iliingia wiki ya saba. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nimeshajua bei ya kila kopo la maharage dukani kwa kichwa.

Euro kwenye hesabu zote hapa nimeipiga kwa shilingi 3,000 moja, ni juu kidogo ila bora ukosee upande huo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti ambayo haiishi karibuni. Kama huna anza nayo leo, ada ni 150,000 na ukiwa huna cheti cha kuzaliwa cha RITA utaanzia huko nyuma zaidi
- Barua ya mwaliko au ya kupokelewa kutoka chuo cha kule
- Barua ya skolashipu inayotaja kiasi kwa mwezi NA tarehe za kuanza na kuisha
- Transkripti ya mpaka sasa, vyeti vya form 4 na form 6, kopi seti mbili za kila kitu
- Picha za milimita 35 kwa 45, uso wazi, nyuma kweupe
- Imeili yenye jina lako la kweli, siyo ile ya enzi za sekondari
- Hela ya kuanzia, nitakuja nayo kwenye hatua ya 3

Hiyo picha usiichukulie poa. Mimi ya kwanza nilipiga studio ya mtaani, jamaa akaona anisaidie, akanitoa makovu na kuning'arisha mpaka mama akauliza huyu nani. Picha za viza haziguswi. Mwambie kabisa kaka usinipendezeshe, nitoe nilivyo.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya masomo kwanza

Kaa na mratibu wa idara yako mjaze Learning Agreement, yani mkataba wa masomo utakayosoma kule na yatahesabiwa kama nini huku. Muhula wa kule kwa kawaida ni pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo. Usichague kwa majina matamu, fungua maelezo ya kozi uangalie inafundishwa kwa lugha gani, maana somo linaweza kuwa na jina la Kiingereza halafu mwalimu anaongea Kijerumani dakika 90.

Angalia na kalenda. Vipindi vya muhula wa baridi vinaanza Oktoba mpaka Februari, vya kiangazi Aprili mpaka Julai, na mitihani inaweza kusogea mbele ya hapo. Kama una sapu nyumbani piga hesabu itafanyika lini, nimeona mtu ana viza mkononi na sapu wiki ya safari.

Wa boom, yani hela ya mkopo wa chuo: nenda kwa afisa mikopo wa chuo kabla hujaondoka, umuulize kusaini kutakuwaje ukiwa haupo na umpe kopi ya barua ya ruhusa. Usimwachie mshkaji akusainie. Hilo ni kosa la kukuharibia chuo.

Hatua ya 2: Viza, na uanze miezi minne kabla

Unaomba viza ya taifa, aina ya D. Usiombe ile ya Schengen, ya ziara fupi ya siku 90, ndo kosa nambari moja la watu wanaokimbilia iliyo rahisi: ukifika nayo huwezi kuigeuza kuwa ya masomo, unarudi nyumbani kuanza upya.

Tangu Januari 2025 maombi yanaweza kujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, unapakia makaratasi yako, wakishayapitia unaitwa kwa apointimenti ya alama za vidole. Ubalozi kwa Tanzania uko Umoja House, mtaa wa Mirambo, Dar. Wa Mwanza, Mbeya, Dodoma, panga kulala mjini siku moja kabla, basi la usiku halina huruma na apointimenti ya asubuhi.

Ada ni euro 75, ila mwenye skolashipu ya fedha za umma, na Erasmus+ imo, husamehewa, ndo maana barua ya skolashipu iwe juu ya faili siyo chini. Kusubiri weka wiki 6 mpaka 12. Tiketi usilipe kabla ya viza, chukua buking tu ya kushikilia nafasi.

Hatua ya 3: Kuonyesha hela, na kuwa nayo kweli

Haya ni mambo mawili na watu wanayachanganya.

La kwanza ni la viza. Tangu Septemba 2024 Ujerumani wanataka mwanafunzi aonyeshe euro 992 kwa mwezi, yani 11,904 kwa mwaka mzima. Angalia vizuri: skolashipu yako ni 850 au 900. Haifiki! Watu wengi wanaenda na barua wakiamini imemaliza kila kitu, kumbe wanatakiwa kuonyesha ile tofauti. Tofauti ya euro 92 mpaka 142 kwa miezi mitano ni kama 460 mpaka 710. Unaiweka kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayokuachia kidogo kidogo kila mwezi ukishafika, au ndugu anayeishi kule anakusainia dhamana kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Sperrkonto zina ada ya kufungulia na ya kila mwezi, kwa hiyo isome yote kabla hujatuma hela. Na waombe chuo waandike kwenye barua kama chumba au chakula kimelipiwa, inasaidia.

La pili ni la tumbo. Hela ya miezi miwili ya mwanzo uwe nayo wewe, bila kutegemea mtu yeyote. Hesabu yangu ya mji wa kawaida, siyo München:

Mwezi wa kwanza: depoziti ya chumba 400, kodi 300, mchango wa muhula 250, bima 150, chakula na vinginevyo 250, shuka na mto na sufuria 80. Jumla euro 1,430.

Mwezi wa pili: kodi 300, bima 150, chakula na vinginevyo 250. Jumla 700.

Hapo ni euro 2,130, kama milioni 6.4. Ongeza tiketi ya kwenda na kurudi, weka milioni 2.5, unakaribia milioni 9. Najua. Mimi pia nilikaa chini kwanza. Lakini hii hela inarudi karibu yote skolashipu ikiingia, ni ya kuazima siyo ya kuchangiwa, na mjomba akiona barua yenye muhuri na tarehe analegea kuliko ukimwambia kwa maneno. Kabla ya mjomba lakini fanya hivi: andikia vyuo vyote viwili uulize vitu vitatu. Mkupuo wa kwanza unaweza kutoka kabla sijasafiri? Tiketi mnaweza kununua nyie? Depoziti inaweza kulipwa kwa awamu? Kuna vyuo vinakubali, ila hawakwambii mpaka uulize.

Hatua ya 4: Chumba

Omba hosteli ya Studierendenwerk siku ileile unayopata barua ya kupokelewa. Siku ileile. Hawa ndo shirika la huduma za wanafunzi, vyumba vyao miji mingi ni euro 250 mpaka 450 pamoja na umeme, maji na intaneti, na vyuo vingi vina vyumba vimetengwa kwa wanaokuja muhula mmoja ila vina fomu yake yenye tarehe ya mwisho.

Ukikosa tafuta WG, yani chumba kwenye nyumba mnayogawana jiko na choo, au Zwischenmiete, chumba cha mtu aliyesafiri anayekukodishia kwa muda. Hii ya pili kwa mtu wa miezi mitano ni nzuri sana, kitanda kipo, sufuria zipo, unaingia na begi lako.

Maneno mawili ya kushika: Kaltmiete ni kodi tupu, Warmmiete ni pamoja na hita na huduma. Ukiona bei rahisi jua umesoma Kaltmiete. Depoziti inaitwa Kaution na kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu.

ONYO: mwenye nyumba akikwambia yuko London kikazi, chumba cha katikati ya mji euro 280, tuma depoziti nikutumie funguo kwa posta, huyo hana nyumba. Hata akikutumia picha ya pasipoti yake. Ni yaleyale ya dalali wa Sinza ila kwa Kiingereza kizuri.

Hatua ya 5: Bima

Mbili. Ya kwanza ya safari, ya siku za mwanzo, ubalozi wanaitaka na iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ya pili ya Krankenkasse, bima ya afya ya umma (TK, AOK, Barmer na wenzao), kama euro 150 kwa mwezi kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30, bila hiyo chuo hakikusajili. Wanatuma taarifa chuoni wao wenyewe kimtandao.

Ukiona mtu anakuuzia bima binafsi ya euro 35 shtuka kwanza. Ukijitoa kwenye ya umma kuchukua hiyo, huwezi kurudi kwa kipindi chote cha masomo hayo. Ila kama umepita miaka 30 bei ya mwanafunzi huipati, hapo bima binafsi nzuri ndo njia yako, uliza chuo wanakubali ipi.

Hatua ya 6: Begi

Nyama na vitu vya maziwa hairuhusiwi kuingiza Ulaya, acha hiyo samli ya bibi. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, embe limo, ila ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani vinapita. Unga usijisumbue na kilo kumi, maduka ya Kiafrika yanao, na siku huna nauli ya kwenda huko nunua semolina kwa Waturuki, ugali wake unashikana vizuri tu, macho yakizoea.

Soketi zao ni za pini mbili za duara, chaja yako ya pini tatu bapa haiingii, beba adapta mbili. Koti: nilinunua Karume kwa elfu 25, zito la manyoya ndani, muuza akashangaa la nini joto hili. Nilipofika nikakuta mfukoni kikaratasi cha dobi kimeandikwa Kijerumani. Koti limerudi kwao. Kwa hiyo ndiyo, mitumba ya Dar inatosha, viatu tu nunua kule maana barafu inataka soli yake.

Na laini yako! Washa roming kabla ya kuondoka na ujitumie meseji kujaribu. Benki na M-Pesa zinatuma namba za siri huko, na laini ikipotea kuirudisha inataka kidole chako, ambacho kitakuwa Ujerumani.

Usifike Jumamosi usiku. Jumapili maduka yamefungwa nchi nzima, labda ya stesheni kubwa za treni. Fika katikati ya wiki, asubuhi, na uwe umeandikiana na hosteli nani anakupa funguo.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza, kwa mpangilio huu

1. Chukua funguo na karatasi ya Wohnungsgeberbestätigung, uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba unaishi hapo. Mkataba peke yake hautoshi.
2. Andika jina lako kwenye sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P., kule posta anasoma jina mlangoni, lisipokuwepo anaondoka na barua. Kadi yangu ya benki ilirudishwa mara mbili kwa sababu sanduku lilikuwa na jina la mpangaji aliyehama.
3. Nenda Bürgeramt, ofisi ya mji ya huduma za wakazi, kujiandikisha, inaitwa Anmeldung. Sheria ni ndani ya wiki mbili. Apointimenti iweke ukiwa bado nyumbani, miji mikubwa zinajaa.
4. Fungua akaunti ya benki, wapelekee chuo IBAN, yani namba ya akaunti yako ya kimataifa, siku hiyohiyo.
5. Lipa mchango wa muhula (Semesterbeitrag) na ukamilishe usajili. Miji mingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri, kwa hiyo usinunue Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma ya euro 63, kabla hujauliza.
6. Msainishe mtu wa ofisi ya kimataifa cheti cha kufika, uskani, utume kwa anayetoa skolashipu. Hii karatasi ndo inafungulia hela. Mwenzangu aliisahau kwenye begi mwezi mzima halafu analalamika.
7. Viza yako ikiisha kabla ya muhula kuisha, omba miadi ofisi ya wageni mapema, kibali kinagharimu mpaka euro 100.

Hatua ya 8: Kuishi

Kula mensa, kantini ya chuo, mlo wa mwanafunzi mara nyingi ni euro 3 mpaka 5. Chupa za plastiki na makopo usitupe, nyingi zina senti 25 zako ndani, unazirudisha kwenye mashine dukani. Watu wanaona aibu wiki ya kwanza, ya tatu wanabeba mfuko.

Simu nunua laini ya kuweka vocha. Mkataba wa simu au jimu unaweza kukufunga miezi 24 wakati we unakaa mitano.

Kuna barua itakuja ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na tivii, euro 18.36 kwa mwezi. Siyo utapeli na hata kama huna tivii unadaiwa, ila ni kwa nyumba nzima siyo kwa kichwa, mkikaa WG mnagawana.

Kazi inaruhusiwa, siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na tangu Januari 2026 kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa. Sawa, ila usiiweke kwenye bajeti. Bila Kijerumani unaweza kutafuta miezi miwili, na mitihani ndo hiyo.

Mambo yakikwama

*Viza imechelewa na muhula unaanza.* Andikia chuo uombe barua ya kuruhusiwa kuchelewa kuripoti, yenye tarehe ya mwisho. Itume ubalozini kwa imeili moja yenye namba ya maombi yako. Usitume imeili kila siku.

*Skolashipu haijaingia wiki ya tano.* Kwanza hakikisha IBAN uliyotuma haijakosewa tarakimu na cheti cha kufika kilipokelewa. Pili nenda Studierendenwerk, ofisi ya ushauri wa kijamii, nyingi zina msaada au mkopo mdogo wa dharura. Tatu mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi siyo baada. Mjerumani ukimwambia mapema ni mtu mwingine kabisa.

*Somo ulilochagua limefutwa.* Inatokea sana. Badilisha Learning Agreement ndani ya wiki tano za mwanzo wa muhula, na upate jibu la idara ya nyumbani kwa maandishi. "Usijali tutaangalia ukirudi" siyo jibu.

*Alama zinaonekana umefeli.* Kule 1.0 ndo juu kabisa, 4.0 umefaulu kwa kuponea, 5.0 umefeli. Mwambie na baba kabla hujamtumia matokeo.

*Unaondoka, depoziti haijarudi.* Inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usifunge akaunti ya benki siku unayoondoka. Piga picha chumba siku unaingia na siku unatoka, ndani ya oveni pia, maana hapo ndo wanapoangalia. Ukishajitoa kwenye uandikishaji (Abmeldung), tuma kopi kwa bima na kwa watu wa redio, la sivyo wanaendelea kukuhesabia. Na ile fomu ya mwisho ya mtandaoni ya Erasmus+ ijaze hata kama umechoka, bila hiyo sehemu ya mwisho ya hela haitoki, na mjomba bado anasubiri.